Makaburi ya mtaa: manispaa inayamiliki, au inayatunza tu?

Mkazi wa Ujiji
Ndugu zangu, habari za jioni. Mtaani kwetu Ujiji kuna makaburi walimolala babu na bibi zetu, na kila masika majani hupanda hata mtu asilione kaburi la mzazi wake. Sasa jirani anayelima kando amesogeza shamba hadi kwenye mawe ya makaburi ya pembeni. Wazee wengine wanasema eneo ni la manispaa, wengine la ukoo uliolitoa. Je, manispaa inaweza kumiliki makaburi, na ikiyamiliki inalazimika kuyafyeka na kuyawekea uzio?

Mtendaji mstaafu, Tabora
Pole, ndugu yangu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kuwa na maeneo ya maziko, kuyatunza na kuyatungia sheria ndogo. Hata hivyo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, hivyo halmashauri nayo, kama wewe na mimi, ina haki ya kuitumia tu. Katafuteni kwanza ramani ya mipango miji: eneo likiwa limechorwa kuwa la makaburi, jirani hana haki ya kulima hapo hata hatua moja. Uzio ni jambo jingine, kwa kuwa uwezo wa kufanya si fedha ya kufanyia. Pelekeni ombi kwa diwani, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, liingie kwenye bajeti.

Mama wa Mwanga
Kaka, ulizeni pia kama eneo lilitolewa wakfu, kwa maana hapo watunzaji ni waliokabidhiwa, na manispaa hubaki na usimamizi wa afya na mipango miji.

Mtendaji mstaafu, Tabora
Dada amesema kweli. Tena Serikali yenyewe, ikilihitaji eneo la makaburi kwa manufaa ya umma, hufuata Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka notisi itolewe na jamaa walipwe gharama za kuhamisha na kuzika upya, pamoja na za matambiko. Itakuwaje basi mtu mmoja mwenye jembe ayapite makaburi bila kuuliza?

Mkazi wa Ujiji
Nawashukuru sana. Jumatatu tutakwenda ofisi ya ardhi pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na nitawaomba wazee wawili watufuate, kwani wao ndio wanaojua kaburi la mwisho upande wa shamba liko wapi.