Seti chache za kufa mtu au seti nyingi za kawaida, ipi inajenga misuli kweli?

KijanaWaUmoja:
Wasee habari zenu. Nina miezi minane napiga chuma kwa jimu moja hapa Umoja, siku tano kwa wiki, saa kumi na moja asubuhi kabla sijapanda mathree ya kwenda tao. Miezi mitatu ya kwanza mabega yalijaa hadi mashati yakaanza kubana lakini tangu hapo mwili umekwama, benchi presi (ile ya kulala kwa benchi ukisukuma chuma juu ya kifua) ni kilo 60 mara kumi, vile ilikuwa Pasaka ndio vile iko leo. Instrakta anasema niongeze seti, yaani zile raundi za kuinua mfululizo kabla ya kupumzika, kifua peke yake seti ishirini siku moja. Sasa kuna mkubwa mmoja hapo ana mwili wa maana, yeye hufanya seti mbili kwa kila zoezi basi, lakini ile ya mwisho mishipa ya shingo inasimama na chuma inapanda polepole kama imekwama, na baada ya dakika arobaini ameshaoga ameenda. Nifuate nani kati ya hawa wawili?

MzeeWaChuma:
Huo ubishi ni wa kale sana kijana. Miaka ya 1970 Arthur Jones, yule Mmarekani aliyetengeneza mashine za Nautilus, alikuwa anahubiri seti moja tu hadi misuli ikatae, na wakati huo huo Arnold Schwarzenegger na wenzake wako California wanashinda jimu, seti juu ya seti. Mike Mentzer, mtunisha misuli mwingine, akaichukua ile ya Jones akaiita Heavy Duty. Halafu akaja Dorian Yates, Mwingereza wa Birmingham, akabeba Mr. Olympia, lile shindano kubwa la kutunisha misuli, mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997, anapasha misuli vizuri kisha anafanya seti moja ya kazi kwa zoezi, na hiyo moja anaifanya kwa roho yote. Alipotoka, Ronnie Coleman akachukua mara nane, 1998 hadi 2005, na yeye alikuwa mtu wa seti nyingi. Kwa hivyo njia zote mbili zimetoa mabingwa. Lakini usinakili ratiba ya mtu wa jukwaani neno kwa neno, Arnold na Yates wenyewe walisema wazi walitumia steroidi na mwili wa hivyo unapona tofauti na wako wa ugali na sukuma.

DadaFizio:
Mzee amepeana historia, wacha niseme kinachoendelea ndani ya msuli kwa sababu hapo ndipo swali linajibika. Msuli una nyuzi nyingi sana na mwili hauziamshi zote mara moja. Mzigo ukiwa rahisi zinaamka zile ndogo kwanza, zile kubwa ambazo ndizo zinanenepa zaidi zinaitwa tu kama chuma ni nzito sana au kama zile ndogo zimeanza kuchoka na bado unasukuma. Ndio maana repu (kila unapoinua chuma mara moja) tatu nne za mwisho, zile chuma inaenda polepole hata ukijaribu kuharakisha, zina thamani kuliko sita za kwanza.

Na hii inaeleza kitu kinachoshangaza watu wengi: ukichukua uzito mwepesi, hata asilimia 30 hivi ya ule mzito kabisa unaoweza kuinua mara moja, ukaufanya hadi ushindwe, msuli unakua karibu sawa na wa anayebeba uzito mkubwa. Nguvu ndio itabaki nyuma, nguvu inataka chuma nzito. Lakini huo mwepesi ukiuacha katikati kwa sababu umefika "kumi na tano", umefanya kazi bure.

Sasa kulinganisha. Si lazima ufeli kabisa kila seti, ukiacha repu moja hadi tatu ambazo bado ungeweza kufanya unapata karibu faida yote na uchovu unakuwa kidogo. Idadi ya seti nayo ina kazi yake, seti 10 hadi 20 kwa wiki kwa kila msuli zinatosha watu wengi, lakini KWA WIKI, si kifua seti ishirini Jumatatu moja. Ukiweka ishirini siku moja, zile za mwisho msuli umeshachoka unapunguza tu uzito. Gawa mara mbili kwa wiki na upumzike dakika mbili tatu kati ya seti, usiruke ruke baada ya sekunde thelathini. Kwangu mimi bidii kwa kila seti inakuja kwanza, kuongeza seti ni baadaye.

FundiWaMjengo:
Mimi niko mjengo, nabeba simiti na kokoto mchana kutwa, jioni sina nguvu ya seti ishirini ata ungenilipa. Nafanya pulapu, pushapu na begi ya mchanga mgongoni, na dambeli tulitengeneza na simiti kwa mikebe ya rangi. Seti tatu kwa kila moja, ya mwisho hadi mikono itetemeke. Mwili umekuja. Shida yangu ilikuwa chakula, nilikuwa nashinda na chai na mandazi hadi saa nane. Sasa ni ndengu, mayai, omena, maziwa, na hiyo ilibadilisha kitu kuliko zoezi lolote.

DadaFizio:
@FundiWaMjengo kabisa. Protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na omena ni protini ya maana kwa bei ya mtaa.

Mkaa_Kayole:
Mimi naomba mtu asisome hii akaenda kujiua. Mwaka jana nilirudi jimu baada ya miezi mingi nje, nikafanya skwoti hadi kufeli seti kumi, siku iliyofuata nikarudia. Siku ya tatu mapaja yamevimba, siwezi kushuka ngazi, na mkojo umekuwa rangi ya strungi. Hospitali wakaniambia misuli imevunjika ikamwaga takataka kwa damu na figo ziko hatarini, nikalazwa siku nne kwa dripu. Mkojo ukibadilika hivyo usingoje kesho. Na kama umekaa nje muda mrefu anza chini, hata kama roho inataka.

MamaWawili:
Nina watoto wawili na duka, napata dakika arobaini Jumanne na Ijumaa. Mwaka mzima nilikuwa nabeba zile dambeli za kilo mbili mara ishirini nikidhani ndio za wanawake, sijawahi kuhema. Instrakta mpya akanipa kilo 8 akaniambia usiniangalie, endelea hadi nikuambie. Nilifika kumi na moja nikilia karibu. Seti sita tu siku hiyo na nimeona mabega yangu mara ya kwanza. Kwa mtu asiye na muda mimi nasema seti chache za kweli.

MzeeWaChuma:
@KijanaWaUmoja swali moja, hiyo kilo 60 unaacha kumi kwa sababu umeshindwa ama kwa sababu ratiba imesema kumi?

KijanaWaUmoja:
Mzee hilo swali lilininyima usingizi. Leo asubuhi nilimwomba yule mkubwa anisimamie kwa benchi. Nikafika kumi kama kawaida nikataka kurudisha chuma, akasema bado. Nikaenda. Kumi na mbili, kumi na tatu, ya kumi na nne ilikaa katikati nikadhani imeisha lakini hakuigusa, ya kumi na tano ndio ilikataa akanisaidia kuirudisha. Kumi na nne safi! Miezi mitano nimekuwa nikiacha repu nne kila seti nikisema mwili umekwama. Nimeweka kilo 70 za Alhamisi, seti tatu, na zingine tatu Jumapili. Swali la mwisho DadaFizio, kwa skwoti nisipokuwa na mtu wa kunisimamia niachie repu ngapi?

DadaFizio:
Mbili. Na weka zile vyuma za pembeni za kuzuia, chini kidogo ya pale chuma inapofika ukishuka kabisa.