Mjadala: Tukiwazuia makipa wa kigeni, ndiyo tutampata Kaseja mwingine?

Wakuu, hoja iliyopamba moto kijiweni kwetu hapa Majengo, Dodoma, ni kwamba klabu zipigwe marufuku kusajili makipa wa kigeni. Wanasema Yanga wamemleta Djigui Diarra kutoka Mali, vijana wetu wanaozea benchi. Na kila anayeitetea hoja hiyo anamtaja Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba, Yanga na Taifa Stars: enzi zake lango lilikuwa letu, ndiyo maana tulimpata.

Mimi napinga, na shahidi wangu ni Kaseja huyohuyo.

Mwaka 2003 alikuwa na miaka 18 Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti, tena kwao Cairo. Hapo nchi nzima ilimbeba. Baadaye je? Simba, Yanga, Simba tena, Yanga tena, na lawama zikimfuata kila alipofungwa bao la kizembe. Tukasema kaisha. Akaenda Mbeya City, akaenda Kagera Sugar, akaenda KMC, akawa anadaka tu. Mwaka 2019, ana miaka 34, Taifa Stars ikamwita. Tukawatoa Kenya kwa penalti kule Nairobi kuwania CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, halafu Burundi wakapigwa 3-0 za penalti Dar es Salaam, safari ya kufuzu Kombe la Dunia. Miaka 16 baada ya Cairo, mikono ileile!

Sasa niambieni, ni sheria gani iliyomlinda? Alikomazwa na mechi, na timu ndogo zilizokubali kumpa lango wakati wakubwa wamemchoka.

Jumamosi moja ya Agosti nilikuwa uwanjani Nkuhungu. Mnaujua upepo wetu wa mwezi huo, vumbi mpaka kwenye meno. Kipa, kijana wa miaka 16 hivi, akatoka kuufuata mpira wa juu, upepo ukaurudisha nyuma yake, goli. Kocha akamtoa kabla ya mapumziko. Akavua glovu zake, kidole gumba kimeshonwa kwa uzi mweusi, akaenda kukaa nyuma ya nyavu peke yake. Hakuna aliyemfuata kumwambia kwamba mpira wa namna ile unasubiriwa hatua mbili nyuma. Roho iliniuma sana.

Nakubali, anayekaa nyuma ya Diarra anakosa mechi za Afrika, na hilo ni pengo la kweli. Lakini Diarra ndiye alikuwa langoni Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Utamwambiaje kocha amuweke kando? Bora huyo kijana wa benchi apelekwe kwa mkopo Dodoma Jiji au kwingine, adake msimu mzima, akosee, na wiki inayofuata apangwe tena.

Mnaotaka marufuku, nijibuni hili: sheria yenu itamrudishaje langoni yule kijana wa Nkuhungu?