Akili nzito baada ya kemo, na ana duka: aanzie wapi?

Swali
Habari zenu wadau. Mama mdogo, miaka 47, amemaliza dozi 6 za kemo ya saratani ya titi miezi minne iliyopita, sasa anameza tamoksifeni (dawa ya homoni). Dukani chenji inazidi au inapungua, majina ya bidhaa yanampotea, akikatizwa hajui alipoishia. Watu wanasema ni uzee. Afanyeje?

Jibu la 1
Uzee hapana. Kemo, mionzi na dawa za homoni zote zinaweza kuleta hali hii. Kwa wengi hupungua taratibu ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, wengine huchukua muda zaidi.

Ila msiisingizie kemo kabla hajapimwa vinavyotibika: wingi wa damu, sukari, TSH, yaani kipimo cha tezi ya shingo (hasa kama alipigwa mionzi shingoni), vitamini B12 (hasa kama anatumia metformini ya kisukari). Na abebe dawa zake zote kwenye mfuko, daktari azione. Piriton ya mafua au amitriptilini ya ganzi ya vidole hulewesha akili, na mgonjwa hata hamtajii daktari. Tamoksifeni asiiache mwenyewe, tafadhali. Ndiyo inayosaidia kuzuia saratani isirudi.

Jibu la 2
Upande wa duka: noti ya mteja isiingie kwenye droo kabla chenji haijatoka. Ikae kaunta, chini ya jiwe la mizani, wote wawili wanaiona. Ahesabu kwa kupanda, kwa sauti. Bidhaa 3,400, noti ya 10,000: "mia sita, imefika elfu nne; elfu moja, imefika elfu tano; elfu tano, imefika kumi." Makosa huja noti ikishafichwa na mteja wa pili akauliza bei, maana kinachodhoofika ni kushika namba kichwani huku unafanya jingine. Basi mteja mmoja kwanza, wa pili asubiri.

Deni liandikwe bidhaa ikiwa bado mkononi mwake. Daftari liwe moja, kalamu ifungwe kwa uzi. Hesabu na oda za mzigo afanye asubuhi, dakika 25 kisha apumzike.

Muuliza swali
Asanteni sana. Kuna mtu anamuuzia vidonge vya ginkgo (dawa ya mmea) vya kumbukumbu.

Jibu la 3
Asinunue, dada. Havijathibitika kusaidia tatizo hili, na vinaweza kuongeza kutoka damu. Bora atembee kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki; akichoka aanze na 10. Usingizi nao utazamwe: joto la usiku la tamoksifeni humwamsha mtu mara nyingi, na hilo amwambie daktari.

Lakini akichanganyikiwa ghafla, akipata degedege, ganzi ya upande mmoja, au kichwa kikali na kutapika, hospitali siku hiyohiyo. Hapo si suala la daftari tena.