Kabati la mninga, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba: nalipitishaje?

Mama Wawili wa Ilazo

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, hasa ya mafundi mlioko hapa Dodoma. Nimehamia ghorofa ya tatu huku Ilazo, na Jumamosi linaletwa kabati langu la nguo kutoka Tabora, litapita Itigi na Manyoni kwa Canter. Ni mninga mtupu. Baba alilitengenezesha nilipoolewa, naye ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo wanaotaka kuniambia niliuze ninunue jingine la dukani, naombeni tusifike huko.

Vipimo: kimo sm 235, upana sm 180, kina sm 60. Ngazi zina upana wa sm 110 na zinakata kona kila nusu ghorofa. Mlango wa kuingilia una uwazi wa sm 84. Dari ya chumbani ni sm 240, wameishusha kwa jipsamu. Mwenye nyumba hataki ukuta wala grili iguswe. Nifanyeje?

Dereva Nkuhungu

Dada, likate katikati, upate mawili ya sm 90. Juu utaunga na vyuma, nani atajua? Nimeshabeba mengi ya namna hiyo.

Seremala wa Chang'ombe

Dada yangu, hongera kwa nyumba. Msumeno uweke mbali kabisa. Kaka dereva ana nia njema, lakini mninga ukishaukata hakuna gundi itakayokurudishia. Ubao wa juu na wa chini ndio unaobeba kabati zima. Ukiukata katikati, milango itaanza kugoma kufunga, na hapo utahangaika na bawaba miaka yote.

Tuanze na kona ya ngazi, maana mlango siyo tatizo lako. Milango ya kabati ikitoka, kina cha sm 60 kinapita kwenye sm 84 vizuri. Kona ndiyo itakayokukwamisha. Kwenye njia ya sm 110 inayokata kona mraba, kitu chenye unene wa sm 60 kikibebwa kimelala hakigeuki kikizidi urefu wa kama sm 190. Lako lina 235. Vijana watasukuma, watakwangua rangi ya mwenye nyumba, mwishowe watakuachia katikati ya ngazi.

Usiniamini kwa maneno. Nunua fito nyembamba, gongelea fremu ya 235 kwa 60, upande nayo wewe na mtu mwingine mpaka mlangoni. Fito haina uzito, na kila itakapogusa utapaona. Mteja akiniita kazi ya ghorofani, hiki ndicho ninachofanya kabla sijataja bei.

La pili watu wengi hawalifikirii mpaka mzigo uwe umeshaingia. Hata likifika chumbani limelala, halitasimama. Linaponyanyuka, pembe yake moja ya juu hupanda kuliko kimo chenyewe. Kwa 235 na 60, pembe inafika sm 242 na nusu. Dari yako ni 240, litachimba jipsamu. Je, lina kitako cha kutoa chini? Kikiwa cha sm 10, ukikitoa pembe inashuka mpaka 233, linasimama, kisha watu wanalinyanyua kidogo na kitako kinarudi chini yake.

Sasa niambie limeungwaje. Nyuma ni plaiwudi au mbao? Kwenye maungio ya pembeni kuna vichwa vya misumari, au vijiduara vya mti?

Mama Wawili wa Ilazo

Ahsante sana fundi. Nimempigia kaka yangu Tabora kalikagua na tochi. Nyuma ni plaiwudi ya misumari midogo. Pembeni kuna vijiduara vya mti, viwili kila kona, msumari hakuna. Kitako kipo, kimekaa tu, kinasogea ukikisukuma.

Mbeba Mizigo Majengo

Shikamoo mama. Njia nyingine ni roshani, kwa kamba. Tumefanya hivyo Area C. Unahitaji watu wanne juu, wawili chini wa kushika kamba ya kuongoza lisigonge ukuta, na blanketi ukingoni. Lakini kama grili haifunguki, hiyo imekufa. Hata ingefunguka, mninga mkavu ni kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kabati hilo tupu halipungui uzito wa watu wawili wazima. Na upepo wa Dodoma mnaujua: kiangazi hiki, mchana, kabati lenye mgongo wa plaiwudi linageuka tanga. Mimi singekubali kazi hiyo baada ya saa nne asubuhi.

Seremala wa Chang'ombe

Mdogo wangu hapo juu amesema kweli tupu.

Mama, taarifa ya kaka yako imenifurahisha sana. Vijiduara ni vichwa vya vijiti vinavyofunga ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja, ndani ya tundu la ubao wa pili. Fundi aliyelitengeneza alijua kwamba siku moja litahama. Basi lifunguliwe hukohuko Tabora kabla ya kupakia. Kwanza kila kiungo kiandikwe namba kwa chaki, ulimi na tundu lake namba ileile, na picha zipigwe. Milango itoke, plaiwudi ing'olewe taratibu. Vijiti vitolewe kwa drili nyembamba kuliko kijiti chenyewe, mabaki yasukumwe nje. Halafu nyundo ya mbao, na kipande cha ubao katikati, asigonge mninga moja kwa moja. Kama kuna gundi nyeupe, kitambaa cha maji ya moto kikae juu yake kidogo, italegea.

Kipande kirefu kitakuwa ubao wa ubavu, na huo mtu mmoja anaupandisha begani. Juu liungwe likiwa limesimama, vijiti vipya vikatwe kwa mti mkavu. Vya mti mbichi vitasinyaa kwa ukavu wa huku na viungo vitacheza.

Mama Wawili wa Ilazo

Fundi, Mungu akubariki. Kaka anaanza kesho asubuhi. Nimekuandikia pembeni, naomba uje Jumamosi kuliunga, na useme gharama yako kabisa.

Seremala wa Chang'ombe

Nimeuona ujumbe. Nitakuja na vijiti vya mkongo. Mwambie kaka asivitupe vile vya zamani hata vikivunjika, nipate kupima unene wake.