Tupeane uzoefu: ukame wa Tanga ulikukuta wapi, na ulikuachia nini?

Mkwezi wa Mwera: Wadau, jana kaskazi imevuma mchana kutwa na nikasikia harufu ya majani yanayoungua. Moyo ukanienda mbio. Nikakumbuka kiangazi cha mwanzo wa 2022, baada ya vuli ya 2021 kutupita hivihivi. Mliokuwa Pangani, Muheza, Handeni, Mkinga, hata jirani zetu wa Bagamoyo, hebu semeni. Mto wenu ulifikia wapi? Shamba lilitoa nini? Na aliyewahi kupambana na moto asimulie.

Binti Bweni: Sisi wa Bweni, mdomoni mwa mto Pangani, kilichotutesa ni chumvi. Mto ukikosa nguvu ya kutoka juu, bahari nayo inapanda. Maji yakijaa, hata upige kasia mpaka mikono ife ganzi, unachota chumvi tu. Mama alikuwa akituamsha usiku tuwahi maji kupwa. Ukifua, sabuni haitoi povu, na nguo ikikauka inakakamaa. Mchicha wangu niliumwagilia maji yale yale ya mto kwa kuwa mengine hayakuwepo. Majani yalianza kuungua kingoni, yakageuka meupe, kisha mashina yakalala chini yote.

Kijana wa Chumbageni: Kweli kabisa dada. Sisi wa Tanga mjini tunategemea mto Zigi na bwawa la Mabayani. Zigi ukishuka, bomba linatoa maji rangi ya chai.

Mzigua wa Sindeni: Nyie angalau mna mto wa kuulalamikia. Kwetu Handeni lambo lilibaki tope, tope likapasuka, tukaingiza mikono kwenye nyufa kutafuta unyevu. Kina mama walikuwa wanalala kisimani kusubiri maji yajikusanye chini, wachote kwa kikombe. Mahindi yalifika kiunoni, yakatoa mbelewele, yakakauka. Ukimenya gunzi, punje zimetawanyika huku moja kule moja.

Mama Zuhura: Poleni. Muheza hata machungwa yalidondoka machanga.

Mzee wa Kipumbwi: Wanangu, nilikuwa nasoma kimya, lakini hapo kwenye moto nimeshindwa.

Shamba letu la minazi na mikorosho liko nyuma ya Kipumbwi, njia ya kwenda Mkwaja. Februari ile majani yalikauka mpaka ukiyakanyaga yanavunjika. Asubuhi tuliona moshi upande wa kaskazini, mbali sana. Adhuhuri moto ulikuwa ng'ambo ya njia. Mimi, wanangu na majirani tulifyeka barabara ya moto, upana wa gari kupita, tukakata matawi mabichi tukawa tunaupiga. Wa chini tuliumudu. Uliotushinda ni wa juu. Ulipanda mnazi mmoja mkavu, kuti likashika, likachomoka, likapeperuka juu ya vichwa vyetu na kuangukia mkorosho nyuma yetu. Mkorosho ule ukalipuka. Sasa moto uko mbele na nyuma.

Kibandani alikuwepo mke wangu na mama yangu mzazi, ambaye hatembei. Nilipofika paa la makuti lilishaanza kufuka. Dumu la mwisho la maji ya kunywa tulilimimina kwenye kanga mbili, tukamfunika mama, nikambeba mgongoni. Mke wangu akasema tusiukimbie moto, tupite pale ulipokwisha kupita, kwani hapo hakuna tena cha kuungua. Akili hiyo ndiyo iliyotuokoa. Joto la ardhi lilipenya ndala mpaka nyayoni. Mama mgongoni anasoma Yasini, nasikia pumzi yake shingoni.

Tulitoka sote. Mbuzi waliokuwa kwenye kamba hawakutoka. Mikorosho aliyoipanda marehemu baba ilibaki vigogo vyeusi.

Mama Zuhura: Allahu Akbar. Pole sana mzee wangu. Bibi yuko salama?

Mzee wa Kipumbwi: Yupo, mwanangu. Amekataa kulala tena chini ya makuti, tumemuezekea bati.

Mkwezi wa Mwera: Shikamoo mzee. Mke wako ana busara kubwa. Watu wengi hufa wakishindana mbio na moto wenye upepo.

Mtoto wa Korogwe: Tuseme ukweli, moto huo ni wafugaji. Wanachoma ili majani yachipue.

Ole wa Kilindi: Mkuu, usituonee. Mwanzo wa 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu Simanjiro. Sisi tulishuka na iliyobaki kutafuta majani. Ukiwa na ng'ombe mwenye njaa, utachoma chakula chake? Na yachipue kwa mvua ipi?

Mtoto wa Korogwe: Basi nani?

Ole wa Kilindi: Warina asali wapo, wachoma mkaa wapo, na nyinyi wakulima mnaosafisha mashamba bila barabara ya moto mpo.

Binti Bweni: Acheni. Mzee kapoteza shamba, nyie mnagombana.

Mchaga wa Pongwe: Na mto tuuongelee. Pangani unaletwa na Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa na Ruvu, ile ya Moshi, zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kabla maji hayajafika Hale kuna mpunga, miwa na mifereji isiyohesabika. Oktoba 2020 msitu wa Kilimanjaro wenyewe uliwaka. La Niña nayo, ile hali ya maji ya bahari ya Pasifiki kupoa, ilikaa kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, na hiyo hupunguza vuli zetu. Bwana mvua akichelewa na mto umeshanywewa juu, Bweni watapata nini?

Binti Bweni: Ndugu zako ndio wanaounywa!

Mchaga wa Pongwe: Nao wana watoto, dada. Tugawane kwa haki, ndicho ninachosema.

Mvuvi wa Bagamoyo: Hata Ruvu yetu, mto wa huku Pwani, ilinywea Oktoba 2022, mpaka Dar wakaingia kwenye mgawo. Kwetu Bagamoyo chumvi tunaijua pia.

Mzigua wa Sindeni: Ushauri wangu: acheni mahindi ya muda mrefu. Pandeni Situka, mbegu inayokomaa mapema, na mpande kwenye vumbi kabla ya mvua.

Mama Zuhura: Kwenye vumbi? Mvua ya siku moja itaotesha, jua litaua, mbegu imekwenda. Subirini udongo ulowe.

Ole wa Kilindi: Fugeni mbuzi, wanakula hata miiba.

Kijana wa Chumbageni: Pandeni mkonge, huo haujui jua!

Mama Zuhura: Mkonge utaupika na nazi? Muhogo, jamani. Ile mbegu ya Kiroba.

Mzee wa Kipumbwi: Mimi nasema fyekeni barabara ya moto masika yakiisha, panga likiwa bado linakata kibichi. Kiangazi kikiingia mmeshachelewa. Na chini ya minazi msiache makuti makavu. Halafu huyo mwenye Kiroba, mapingili nayapata wapi?

Mama Zuhura: Kwangu yapo, mzee. Mvua ya kwanza ikinyesha nitume mtoto akuletee, au mwanao aje na baiskeli na kamba. Hela sitaki.

Mtoto wa Korogwe: Na mimi nitawatafuta vijana tuje kufyeka. Mzee, mnaanza lini?

Mzee wa Kipumbwi: Juni, mwanangu. Njoo na panga lako.