Kumtangazia HD mwenye TV ya SD: ni kumwelimisha au kumhadaa?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa uwazi: je, ni haki kumtangazia HD (picha ya kiwango cha juu, yenye makali zaidi) mtu ambaye TV yake ni ya SD (ya kiwango cha kawaida), kwa kumwonyesha "tofauti" kwenye kioo hichohicho cha SD?

Tangazo lenyewe wengi mmeliona. Kioo kinakatwa katikati kwa mstari. Kushoto pameandikwa "picha ya kawaida": mchezaji anakimbia, sura haitambuliki, nyasi zimekuwa doa la kijani. Kulia pameandikwa HD: jasho linaonekana kwenye paji la uso, nyasi zimesimama moja moja. Kisha sauti inakuuliza kama bado unaridhika na ule wa kushoto.

Mama yangu hulitazama kwenye TV yake ya chogo. Juzi akaniambia, "Mwanangu, hii TV yangu imechoka. Ona upande wa kulia unavyopendeza." Nikamuuliza, "Mama, huo upande wa kulia unauona kwa TV gani?" Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hii hii."

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Picha ya TV hupangwa kwa mistari. TV ya kawaida ya PAL, mmoja wa mifumo ya zamani ya urushaji, huonyesha mistari 576. Ya NTSC, mfumo mwingine wa zamani, mistari 480. HD huanzia mistari 720 na kufika 1080. Tukihesabu pikseli, yaani nukta zinazounda picha, picha ya 720 kwa 576 ina pikseli 414,720, na ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, yaani mara 5 kamili. TV ya mama haina uwezo wa kuzionyesha hizo zote, hata ukiilazimisha. Kwa hiyo kile alichokiona kulia, kilichoandikwa HD, kilikuwa SD. Na kama cha kulia ni SD, cha kushoto ni nini? Ni SD iliyoharibiwa kwa makusudi, halafu ikabandikwa jina la kile anachokitazama kila siku.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kama TV ya mama inaweza kuonyesha upande wa kulia, basi ubovu wa picha anayoipata kila jioni hautoki kwenye TV yake. Mbona picha ya namna ile anaionja kwa nusu dakika tu, wakati wa tangazo?

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Wewe unataka HD itangazwe vipi? Anayetangaza manukato redioni hawezi kuyapitisha kwenye spika. Anakupa mfano, nawe unaelewa kuwa ni mfano.

Tena jambo hili si geni. Marekani rangi zilitangazwa kwa watu wenye TV za nyeusi na nyeupe. Kituo cha TV cha NBC kilianza kuonyesha nembo yake ya tausi wa rangi mwaka 1956, na NBC wakati huo ilikuwa mali ya RCA, kampuni iliyokuwa ikiuza TV za rangi. Nyumba nyingi zilimwona tausi huyo akiwa wa kijivu. Lengo lilikuwa wazi kabisa: utamani usichonacho. Mbona hilo hatuliiti utapeli?

Na kuna jambo umeliruka. Tangazo linaipunja HD yenyewe! Mama akinunua TV ya HD atapata picha bora kuliko ile ya upande wa kulia. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba amepewa zaidi ya alichoahidiwa.

Mleta mada

Mfano wa tausi ni mzuri, na naona unaniunga mkono bila wewe kutaka. Yule tausi alikuja na maneno: kipindi kinachofuata ni cha rangi. Mwenye TV ya kijivu akaona kijivu, akajua kwamba kuna kitu hakimfikii. Hakuna aliyeipaka matope picha yake ya kijivu ili rangi ipate sifa. Tangazo la HD halimwambii mama "kuna kitu hukioni". Linamwambia "kitu hiki hapa, unakiona", na hakipo.

Kuhusu kuipunja HD, sina ugomvi. HD ni nzuri, naipenda. Nazungumzia upande wa kushoto, ulioandikwa kuwa ni picha yake.

Mchangiaji wa 2

Mimi nimehariri video za matangazo kwa miaka kadhaa, na za aina hii nimezitengeneza kwa mikono yangu. Niseme ninavyojua.

Unachukua picha moja tu, iliyopigwa kwa kamera ya HD. Nusu ya kulia unaiacha, pengine unaiongezea makali kidogo kwenye kingo. Nusu ya kushoto unaiwekea ukungu. Kisha, na hapa ndipo nafsi ilinisuta, unapausha rangi na kupunguza utofauti wa giza na mwanga. Mteja aliniambia, "Bado hazijaachana vya kutosha," nikazidi kupausha. Lakini wingi wa mistari hauhusiani na rangi kupauka. Nyekundu ya SD si ya kuchujuka, inakolea vizuri tu. Tulikuwa tunaisingizia kosa ambalo haina.

Hata hivyo mleta mada naye asikimbie sana. Upande wa kulia una ukweli ndani yake. Picha iliyopigwa kwa HD kisha ikapunguzwa hadi SD kwa uangalifu hutoka safi kuliko iliyopigwa kwa kamera nyingi za SD tangu mwanzo, kwa sababu kila pikseli ya mwisho imetokana na pikseli kadhaa na chenga zinapungua. Kwa hiyo hata mwenye TV ya chogo hufaidika kituo kinaponunua kamera za HD. Tangazo lingesema hilo, lingekuwa la kweli.

Kuhusu picha mbovu ya kila jioni, chanzo kikubwa ni kubana, yaani kupunguza data ya picha ili itoshe kurushwa. Chaneli za kidijitali hurushwa zikiwa zimebanwa. Kadiri mrushaji anavyosongamanisha chaneli kwenye masafa yaleyale, ndivyo kila moja inavyobakiwa na data kidogo. Matokeo yake mnayajua: mpira ukipigwa kwa nguvu uwanja unafanya viboksi, kwa kuwa picha hubanwa kwa vipande vidogo vya pikseli, na data ikipungua vipande hivyo vinajitokeza. Unaweza kuwa na HD yenye viboksi na SD isiyo na hata kimoja.

Mchangiaji wa 3

Naomba nilete upande wa sheria, maana Marekani walishavuka daraja hili muda mrefu.

Mwaka 1959 kulikuwa na tangazo la TV la sabuni ya kunyolea ya Rapid Shave, ya Colgate-Palmolive. Walidai inalainisha hata msasa ukanyoleka. Kilichonyolewa kwenye tangazo hakikuwa msasa. Kilikuwa plastiki angavu iliyomwagiwa mchanga. Msasa halisi ulihitaji kulowekwa kama dakika 80. Sasa sikilizeni utetezi wao: msasa halisi ukipigwa picha kwenye TV unaonekana kama karatasi ya kawaida, kwa hiyo ni udhaifu wa TV uliotulazimisha. Ni utetezi uleule wa Mchangiaji wa 1! Mahakama ya Juu iliukataa mwaka 1965. Haikupiga marufuku vifaa vya kuigiza. Ilisema kiazi kilichopondwa kinaweza kusimama mahali pa aiskrimu inayoyeyuka kwenye taa za studio, mradi tu humwambii mtazamaji, "Jionee mwenyewe ilivyo laini."

Mwaka huohuo mahakama ya rufani iliamua kesi ya Libbey-Owens-Ford, watengenezaji wa vioo vya magari. Kioo chao kwenye tangazo kilionekana safi ajabu, kwa sababu baadhi ya picha zilipigwa dirisha likiwa wazi, bila kioo chochote. Kioo cha kulinganishia kilipakwa vaselini ili mandhari yapinde. Hebu rudini mkaangalie upande wa kushoto wa tangazo letu, kisha mniambie kama si vaselini ileile.

Mchangiaji wa 1

Nakubali ile ya vaselini inauma. Lakini tofauti ipo. Pale walidai kioo chao hakina dosari kwa kuonyesha mahali pasipo na kioo. Hapa HD kweli inazidi SD, na hakuna anayebisha. Dai ni la kweli, picha tu ndiyo ya kuigiza. Kwani madhara yako wapi? Mtu akinunua, akafika nyumbani, si anaipata?

Mchangiaji wa 4

Mkuu, mimi ni fundi wa TV. Nakujibu swali lako la madhara: wengi hawaipati.

HD ni mnyororo. Kipindi kipigwe kwa HD, kirushwe kwa HD, king'amuzi kiwe cha HD, waya uwe wa kubeba HD, TV iwe ya HD. Kiungo kimoja kikiwa cha SD, mwisho wake ni SD. Tangazo linaonyesha kiungo cha mwisho tu.

Naitwa na watu wenye TV mpya, bapa, kubwa, wanalalamika kuwa picha ni mbovu kuliko ya chogo walilolitupa. Nafika, naangalia nyuma: waya wa njano. Huo wa AV haupitishi zaidi ya SD, hata king'amuzi kiwe cha HD. Tena unachanganya mwanga na rangi kwenye uzi mmoja, ndiyo maana rangi zinavuja pembeni. Mwingine waya ni wa HDMI, ule unaobeba HD, lakini chaneli anayoipenda inarushwa kwa SD. Sasa mistari 576 imetandazwa kwenye kioo kipana, na picha ya umbo la 4 kwa 3 (upana kwa kimo) imevutwa ikawa 16 kwa 9, sura za watu zimenenepa.

Mnaelewa kilichomtokea? Alionyeshwa picha ya ukungu, akaambiwa hii ndiyo yako ya zamani. Kweli haikuwa yake. Amenunua, na sasa ndiyo yake.

Hata zile nembo hazisaidii asiyeelezwa. "HD ready" ilipoanza Ulaya mwaka 2005 ilimaanisha TV ina walau mistari 720 na inaweza kupokea HD kutoka kifaa kingine. Haikumaanisha kuwa ina HD ndani yake. Na umbali nao: HD ilibuniwa kwa mtu anayekaa karibu, kama mara 3 ya kimo cha picha. Ukikaa mara 7, jicho la kawaida halizipati zile pikseli za ziada. Sijawahi kusikia tangazo likikwambia usogeze kiti.

Mleta mada, kabla mama hajanunua kitu, chungulia nyuma ya TV yake. Baadhi ya machogo ya mwisho-mwisho yana matundu matatu, nyekundu, kijani na bluu. King'amuzi kikiwa nayo pia, tumia hayo badala ya njano.

Mleta mada

Asante sana fundi. Nitaangalia.

Niseme sasa ninachokitaka, isionekane napinga tu. Picha za vioo vya TV kwenye maboksi na vipeperushi mara nyingi huandikwa kuwa ni za kuigiza. Tangazo la HD liandikwe hivyohivyo, na litaje king'amuzi na waya.

Mchangiaji wa 1

Hilo naliunga mkono nusu. Maandishi ya chini huwa madogo, na kwenye TV ya SD hayasomeki. Utakuwa umetimiza sharti na mama hajasoma kitu.

Mchangiaji wa 2

Basi yasemwe kwa sauti. Sekunde tatu zinatosha: "Kwenye TV ya kawaida huwezi kuiona HD, picha hii ni ya kuigiza." Sauti haina SD.

Mchangiaji wa 1

Hakuna mteja atakayelipia sekunde hizo tatu bila kulazimishwa.

Mchangiaji wa 3

Ndiyo maana tunazungumzia sheria.

Mleta mada

Mrejesho kwa fundi: matundu matatu yapo, kwenye TV na kwenye king'amuzi. Nimetoa waya wa njano, nimeweka ya rangi tatu. Viboksi vya mpira viko palepale, hivyo ni vya mrushaji. Lakini maandishi hayatetemeki tena na rangi zimekaa ndani ya mipaka yake. Mama kauliza kama hiyo ndiyo HD. Nimemwambia hapana mama, hii ni TV yako ileile.