Folger, Huntington au Wolfenbüttel: niombe wapi?

Mtepe_Lamu
Wakubwa zangu, shikamooni. Niko mwaka wa 3 wa uzamivu. Tasnifu yangu inahusu Waingereza wa zamani walivyoiandika pwani yetu, hasa merikebu ya James Lancaster, Edward Bonaventure, iliyotia nanga Unguja mwishoni mwa 1591 ikakaa mpaka Februari. Mwaka huu naweza kutuma maombi mawili tu ya ufadhili wa utafiti, maana msimamizi wangu haandiki barua ya mapendekezo mpaka umbembeleze mwezi mzima. Nimebaki na maktaba tatu: Folger (Washington), Huntington (California) na Herzog August ya Wolfenbüttel, Ujerumani. Waliofika huko, nipeni hali halisi.

Kaskazi77
Marahaba mkuu. Nilikaa Folger miezi miwili kabla hawajafunga kwa ukarabati 2020 (walifungua tena Juni 2024). Kama ni Shakespeare usijiulize mara mbili, wana nakala 82 za ile Folio ya 1623, kitabu cha kwanza kilichokusanya tamthilia zake. Ila mimi kilichonifaa zaidi ni chai. Ikifika saa tisa alasiri watu wanaacha vitabu mezani, wanakwenda kunywa chai. Siku moja mama mmoja wa makamo akaniuliza nasoma nini. Nilipomaliza kueleza akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaniandikia namba za daftari tatu za karne ya 17. Katika katalogi nilikuwa nimezipita bila kuzitambua, zimeandikwa tu "mchanganyiko".

Tahadhari: ukiingia Marekani kwa viza ya J-1 (ya wageni wa kitaaluma), posho ya ufadhili hukatwa kodi 14%, na Kenya haina mkataba wa kodi na wao. Piga hesabu kabla hujashangilia.

BintiSiyu
Huntington nilikaa mwezi mmoja. Bustani usiseme, ile ya mipungate peke yake unaweza kupotelea humo. Lakini kodi ya chumba Pasadena ilinimaliza, na basi za kule si daladala, ukiikosa moja asubuhi umeikosa. Nyaraka zao nyingi za Uingereza ni za koo za mabwana: mashamba, kesi, barua za mahakama. Kwa mtu wa bahari kama wewe, naona ungefukua sana upate kidogo.

Mzee wa Makabrasha
Wolfenbüttel watu wanaidharau kwa sababu ni mji mdogo. Makosa. Mtawala wao August, aliyefariki 1666, alikusanya vitabu kutoka Ulaya nzima, akaandika katalogi kwa mkono wake, na lile gurudumu lake la kuwekea vitabu anavyosoma bado lipo. Kuna wakfu mbili, Findel na Schneider, zinazofadhili wanafunzi wa uzamivu hasa, na kwako hilo ni jambo kubwa, maana fedha nene za Marekani, zile za mwaka mzima, mara nyingi zinataka uwe umeshamaliza. Mji wenyewe unauzunguka kwa baiskeli. Ila Kilatini au Kijerumani uwe nacho, japo cha kuombea maji.

Nahodha Mstaafu
Mnamchanganya kijana. Simulizi ya Lancaster aliichapa Hakluyt, Mwingereza aliyekusanya habari za safari, mwishoni mwa karne ya 16, na imeshapigwa picha, anaisoma akiwa Lamu. Nyaraka za ile kampuni ya biashara ya Kiingereza, East India Company, ziko British Library, London. Barua za Kilwa za 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ziko Goa. Sasa huko Washington anafuata chai?

BintiSiyu
Nahodha, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Picha inakuonyesha nakala moja. Mimi nilifungua nakala mbili za kitabu kimoja cha safari: moja safi kama haijawahi kuguswa, nyingine msomaji wa zamani kapiga mistari kila panapotajwa bei ya pembe za ndovu. Huyo msomaji humpati kwenye intaneti.

Nahodha Mstaafu
Marahaba binti. Basi aandike hivyo kwenye maombi. Asiandike "nataka kusoma Hakluyt", watamtupa.

Mtepe_Lamu
Nimeelewa. Huntington naiacha. Naomba Wolfenbüttel kwa tafsiri za Kijerumani na Kilatini za safari hizo, na Folger muda mfupi kwa hayo maandishi ya pembeni. Dada BintiSiyu, ile mistari ya bei ya pembe ilipigwa kwa wino au kwa kalamu ya risasi? Na pendekezo lako la utafiti lilikuwa kurasa ngapi?

BintiSiyu
Wino wa kahawia. Kurasa mbili. Nicheki inbox.